Hodi Tatu kwa Mashine ya Salfa

Krrr, krrr, krrr. Kimya kidogo. Halafu krrr tena, kama kuku anayeparua pumba uvunguni. Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Lakini hakuwa kuku. Ilikuwa seva, ile kompyuta mama, iliyowekwa chumba cha nyuma cha ofisi yetu pale Kibiti na kufunikwa kanga kuukuu isiingie vumbi. Kila nilipobonyeza "Tafuta" kwenye kompyuta yangu ya mbele, yeye huko nyuma alianza kuparua. Mimi na mkulima aliyekaa mbele yangu tulisalimiana. Tuliulizana habari za nyumbani, za shamba, za watoto, za mbuzi. Habari zikaisha, kuku bado anaparua.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kuingia kwenye korosho, na daraja la Ndundu, la kuvukia Mto Rufiji, lilikuwa bado jipya, watu wanakwenda kulitembelea tu kama wanaokwenda kumwona mwali. Kampuni iliyoniajiri iligawa salfa, ule unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho inapochanua ili maua yasiliwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Ndani ya seva mlikuwa na kila mkulima wetu: jina lake, kijiji chake, ana mikorosho mingapi, apewe mifuko mingapi. Kazi yangu ilikuwa kufungua fomu kwenye kioo, kumtafuta mtu, kubonyeza "Amepewa" na kumchapia karatasi ya kwenda nayo stoo.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, nikaongeza miezi mitatu ya kupiga taipu. Ndoto yangu ilikuwa moja tu: kuwa mtangazaji wa redio. Kwa hiyo kuku alipokuwa anaparua, mimi nilikuwa natangaza kimoyomoyo. Nilitangaza hali ya hewa ya Nyamisati, nikatangaza mpira, nikaomba radhi kwa wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo.

Fomu yetu ilikuwa na visanduku vitatu vya kutafutia: namba ya kadi, kijiji na jina. Namba, ni mmoja mmoja tu aliyekuja nayo. Kadi karibu zote zilibaki kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambamo watu wetu hulala bondeni wakilinda mpunga. Kijiji, meneja alitukataza kukijaza. "Mrufiji ana kwao kuwili," alisema, "huku mlimani na kule bondeni. Ukikosea kijiji utaambiwa hayumo. Andika jina, basi." Tukawa tunaandika jina.

Asubuhi moja alikuja bibi mmoja kutoka Mkongo. Mlango ulikuwa wazi, tunaonana macho kwa macho, lakini alisimama nje akapiga hodi ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tatu, ndipo akaingia. Mlinzi wetu, mzee wa Kimatumbi, watani wa Warufiji, hakumwacha apite hivi hivi.

"Mtani, umekuja kuzikwa Kibiti? Hatuna nafasi."

"Nimekuja kukuzika wewe," bibi akajibu bila kumtazama. "Nilisikia harufu tangu Ikwiriri."

Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akakaa, akaniambia shida yake. Mume wake alikuwa amevimba mguu, haukanyagi. Mikorosho yao imechanua yote kwa pamoja, na ubwiriunga umeshaingia shamba la jirani. Lori letu la Mkongo lilikuwa linaondoka siku hiyo baada ya adhuhuri, na safari iliyofuata ilikuwa baada ya majuma mawili.

"Majuma mawili, mjukuu wangu, nitapulizia nini? Maua yatakuwa chini, yamekauka."

"Usijali, bibi. Jina la mwenye shamba?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe wa nyumbani."

"Mumeo?"

"Huyo huyo."

"Anaitwaje?"

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. "Tangu nimeolewa sijamtaja jina. Nianze leo, tena mbele ya Mmatumbi?"

Mlinzi akacheka mpaka akakohoa. Nilijaribu jina la mtoto wao wa kwanza, lakini mashine haikumjua mtu kama baba wa fulani. Mwisho nikamwomba anitajie herufi tu. Bibi akafikiri, akaona herufi haivunji heshima. Alikuwa amesoma chuo cha Kurani utotoni, kwa hiyo akanong'ona, "Linaanza na mim."

Nikaandika M, peke yake, nikabonyeza Tafuta. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara ya tatu.

Sasa, nusu ya wanaume wa Rufiji wanaanza na M, na nusu nyingine wanayo katikati. Mashine haikubagua. Kule nyuma hakuparua kuku mmoja, liliparua banda zima. Kioo changu kikaganda. Kioo cha meneja nacho kikaganda, nikamsikia chumbani kwake:

"Nani amefanya nini huko?"

"Ni mimi, bosi. Nimetafuta mim."

"Umetafuta nini?"

Akatoka, akamwona bibi, akaangalia saa. Alikuwa na ukali wa mdomoni tu. "Mpigie fundi Dar," alisema. "Mimi nakwenda kumchelewesha dereva."

Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya mifuko ya salfa, karibu na dirisha la stoo. Nikapanda. Fundi aliyetutengenezea ile fomu akaanza na wimbo wake wa kila siku.

"Dada, mashine yenu ni ndogo. Nimeshawaambia mnunue kubwa."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni ule urefu wa mifuko. Nikamwambia, "Kaka, mbona siku nikipata namba ya kadi inafanya krk moja tu, na mtu anatokea? Nikiandika namba, mashine inakua?"

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia, na ile krk nikamwigia, na krrr nikamwigia.

"Na mnabonyeza mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu za nini?"

"Kama hodi, kaka. Mtu hapigi hodi moja akaondoka."

Nikamsikia anajizuia kucheka, akashindwa. "Dada yangu, ukibonyeza mara moja, seva inaanza kumsoma mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, mmoja mmoja. Ukibonyeza tena inaanza upya, na ile ya kwanza haijaiacha. Namba za kadi niliziwekea faharasa. Vijiji sikuviwekea."

"Yaani kama msahafu usio na orodha ya sura? Ukitaka Yasini unaanzia Alhamdu, unafunua moja moja?"

"Hivyo hivyo. Kosa ni langu, si la mashine."

Nilimpenda kwa neno hilo. Akasema tutaiweka faharasa ya vijiji pale pale, yeye atataja, mtu achape. Lakini mtandao ulikuwa juu ya mifuko na kibodi ilikuwa mezani. Ikabidi achape mlinzi, kwa kidole kimoja, mimi napiga kelele kutoka stoo. Kwanza tukazisimamisha zile hodi tatu. Kisha tukaanza mstari wenyewe, herufi baada ya herufi.

"Mabano!"

"Ndiyo nini?"

"Kama mwezi mwandamo!"

"Iko miwili. Mmoja umeelekea mlangoni, mmoja umeelekea stoo."

"Tumbo lipo upande gani?" nikamuuliza fundi.

"Mwambie polepole," bibi akaingilia, "kidole hicho kimezoea kuchimbua mihogo."

"Mtani, ukinitania nakufuta humu ndani," mlinzi akasema, jasho linamtoka.

Mara mbili mashine ilikataa. Mara ya tatu kuku aliparua mparuo mmoja mrefu, akatulia. Muadhini alikuwa anaadhini adhuhuri niliposhuka kwenye mifuko, njano mpaka magotini.

Nikaandika Mkongo kwenye kisanduku cha kijiji, ambako bibi alisema ndiko walikoandikishwa. Nikaweka M. Nikabonyeza mara moja, na mkono wangu wa kulia nikaukalia usije ukapiga hodi ya pili.

Krk.

Wakatokea, kioo kizima cha wanaume wa Mkongo. Sasa yupi? Nikafikiri kidogo, kisha nikamwambia, "Bibi, wewe usitaje. Mimi nitataja." Nikakohoa, nikaanza kuwasoma kwa sauti yangu ya redio, ile niliyoitunza miaka yote.

"Mjukuu wangu," bibi akanikatiza, "unasoma kama matangazo ya vifo. Mwenyewe yu hai, ni mguu tu."

Nikashusha sauti. Nikasoma taratibu, jina na la baba yake. Bibi aliangalia ukutani, uso mkavu. Nikafika jina moja, akavuta kanga akajifunika mdomo, akainama, mabega yanamtikisika kama bibi harusi aliyechekeshwa.

"Huyu?"

"Mimi sijasema kitu," akasema ndani ya kanga.

Nikabonyeza "Amepewa". Mlinzi mwenyewe ndiye aliyembebea mifuko mpaka kwenye lori. Dereva alikuwa anapiga honi na meneja amesimama mbele ya bampa akimhadithia jambo refu lisilo na mwisho. Bibi akapandishwa mbele.

"Mtani, nisalimie huyo... nani vile?" mlinzi akauliza.

"Mwenyewe," bibi akajibu, na lori likaondoka.

Alasiri meneja alikwenda zake na mlinzi akajinyoosha barazani kukipumzisha kidole. Mimi nilirudi mezani, nikaifungua tena kumbukumbu ya yule mzee wa Mkongo. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha "Maelezo" ambacho hatukuwahi kukijaza kwa mtu yeyote. Nikaandika: "Akija mkewe asiulizwe jina. Asomewe polepole, atajifunika kanga." Nikayasoma tena kuona kama nimekosea herufi. Nikabonyeza "Hifadhi" mara moja, nikaondoa kidole, nikasikiliza.