Nilivyomtafsiria Mama Mchezo wa Jumapili

Kila ninaponusa peremende za mnanaa, hugeuka kuangalia ni nani anayezitafuna. Mwaka alipotimiza miaka kumi na sita, dada yangu Mariamu alizitafuna kutwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ni ulafi tu.

Tulikaa mtaa wa Buyenzi, katika nyumba iliyonuka oili, maana Baba alikuwa fundi wa magari. Jumapili baada ya swala ya alasiri alijinyoosha mkekani, nasi tukawasha televisheni kutazama mchezo wa kuchekesha wa familia moja. Ulisemwa kwa Kifaransa. Mama hakuwahi kukaa darasani, kwa hiyo kumtafsiria ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya kwa maringo ya waziri.

Siku hiyo kijana wa ile familia alirudi kwao akipepesuka, akausalimia mwavuli akidhani ni babake. Tulicheka sote, isipokuwa Mariamu.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anasema hajalewa, ana malaria."

"Na mamake?"

"Anamwambia peremende hazifichi harufu ya pombe." Nikageuka, nimefurahi kama mtu aliyeokota kitu. "Ni sawa na zile za dada Mariamu!"

Kwenye televisheni watu waliendelea kucheka. Baba aliinuka taratibu, akaizima.

"Mariamu, ni kweli?"

"Apana, Baba." Kisha akaanza kulia. "Tunakunywa na wenzangu wa shule, kule mtaa wa Rohero."

Baba alimtazama Mama. "We ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nimechoka kujua mi peke yangu."

Nilingoja kipigo, kwake au kwangu. Hakikuja. Baba alikaa tena, akaitazama mikono yake, akasema tu, "Kesho nitakupeleka shule mi mwenyewe."

Alimpeleka kwa miguu asubuhi, akamfuata mchana, karibu mwaka mzima, na katikati analala chini ya magari ya watu akiyatengeneza. Mara mbili Mariamu alimponyoka, akarudi ananuka. Mara zote mbili Baba alimsubiri avae viatu asubuhi, wakaondoka pamoja. Sijui ni siku gani hasa Mariamu aliacha kunywa. Hakuna aliyetangaza. Na mimi dada alininyima salamu hadi Ramadhani iliyofuata, aliponisogezea tende ya kufuturu bila kuniangalia.

Kwa miaka mingi nilijiona msaliti. Jioni ile televisheni ilipozimwa, Mama alinivuta ubavuni kwake, akalala palepale mkekani, jua halijazama, na sufuria ikaungulia jikoni. Nilidhani nimemuumiza hadi akashindwa kusimama. Sasa nina binti wa umri ule wa Mariamu, nami ninajua uchovu wa kuficha kanga zilizotapikiwa, kuchemsha tangawizi kwa siri, kuitikia "yuko salama" huku ukisikiliza mlango. Mama hakuwa ameumia. Alikuwa amepata usingizi.