Sista Polepole na Tumbo Lililosingiziwa

Alizaliwa alfajiri ya ukungu, kifungua mimba wa fundi cherehani, na kwao wakamwita Polepole kwa sababu hata kulia alilia taratibu. Wito aliusikia akiwa msichana, kama mtu asikiavyo maji yakitiririka chumba cha pili na hakuna aliyefungua bomba. Akawa sista, akasomea uuguzi, akapangiwa wodi ya wanawake.

Jaribu lake halikubisha hodi. Hedhi ikawa haikatiki, na tumbo likaanza kupanda chini ya vazi jeupe. Nyumba ya watawa ikajaa minong'ono. Sista mzee wa jikoni, kwa huruma ya kweli kabisa, akaanza kufuma soksi za kitoto. Mama Mkuu akamwita ofisini.

"Mwanangu, mimba haifichiki. Jumapili utarudi kwenu."

"Mimba gani hiyo, Mama, yenye hedhi isiyokwisha? Nipeleke kwanza kwa daktari, ndipo unifukuze."

Wakaenda pamoja hospitali. Kwenye kioo cha mashine ya kupimia tumbo ukaonekana uvimbe ndani ya ukuta wa kizazi, mviringo, umetulia kama mwezi ndani ya maji.

"Si mtoto, si saratani, wala hakurogwa," alisema daktari. "Ni nyama imeota tu. Wanawake wengi wanayo na hawajui."

Mama Mkuu alikitazama kioo mpaka macho yakamlowa, kisha akaweka mkono juu ya tumbo lile. "Nisamehe, mwanangu." Uvimbe ukatolewa kwa kisu, kizazi kikabaki, na vazi lake jeupe likabaki naye.

Toka hapo Sista Polepole aliwaeleza wagonjwa bila haraka: uvimbe mdogo usiosumbua huangaliwa tu, unaomwaga damu una dawa zake, mkubwa una upasuaji, na hedhi ikikoma kwa umri mara nyingi husinyaa wenyewe. Na kabla ya kugusa tumbo la mtu, aliipasha mikono yake kwa kikombe cha maji moto.

Alifariki angali na nguvu, kwa homa fupi, mchana, mapazia yakipepea. Wanawake wanaozinduka kutoka nusu kaputi husema wamekuta mikono yenye joto juu ya tumbo. Wauguzi huapa hapakuwa na mtu. Siwabishii. Lakini muujiza mkubwa, nao ndio wa kuigwa, ulikuwa kwa aliyemzika. Mama Mkuu alihamia kwenye benchi la kliniki, akakaa na wasichana walioletwa na mama wakwe wenye hasira, wakishukiwa mimba za nje. Mkwe akifungua tu kinywa, Mama Mkuu alimshika mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Hata mimi nilikuwa na uhakika."