Turubai Juu ya Gari la Mzee Gaetano

Bandarini Juba, ukitaka mzigo wako ufike Malakal ukiwa mkavu, unamtafuta Albino Loro. Kazi yake ni moja tu, kufunika. Magunia ya mtama, katoni za sabuni, sukari, magodoro, vyote vikishapangwa juu ya tishari ya mtoni yeye huvivalisha turubai na kuvikaza kwa kamba, na fundo lake halifunguki kwa upepo wala kwa mwizi. Wachukuzi humtania kwamba siku akifa atajifunika jeneza mwenyewe, maana hatamwamini mtu mwingine. Yeye hucheka. Sifa ni sifa, hata ikija na utani.

Mtu wa namna hiyo, ungedhani kitu chake mwenyewe kingekuwa salama kuliko vyote duniani. Basi sikiliza.

Nyumbani kwake Nyakuron, uani, kando ya jiko, lilisimama gari la marehemu baba yake, Peugeot 504 ya zamani yenye rangi ya maziwa. Mzee Gaetano alikuwa dereva wa matajiri, akajinyima hadi akanunua gari lake, na vita vya zamani vilipoifikia Juba ndilo lililomtoa, yeye na mkewe na watoto na majirani waliokunjwa ndani kama nguo sandukuni, hadi Adjumani, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Huko alilima shamba la watu, na huko aliugua. Alikuwa akikimbizwa hospitali, amelazwa kiti cha nyuma, Albino akiwa kwenye usukani, alipotamka neno lake la mwisho.

"Gari hili limenitoa nyumbani," alisema, "na gari hili ndilo litakalonirudisha. Msinipakie kwenye gari la mtu."

Hawakufika hospitali. Walimzika kwenye shamba la mwenyeji wao, mzee Ojok, wakimwomba amsitiri kwa muda tu. Wengine husema maiti husahau. Nyumbani kwa Albino hakuna aliyewahi kusema hivyo.

Amani ilipotiwa sahihi, Albino alirudi Juba akiliendesha gari lilelile. Mpango ulikuwa ajenge chumba, kisha arudi kumchukua baba. Chumba kikataka paa. Paa lilipopatikana, mtoto akaugua. Mtoto alipopona, vita vikarudi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Albino alingoja hadi Julai ile ya risasi, familia ikakimbia tena, safari hii juu ya lori la watu. Magurudumu ya Peugeot aliyafungia ndani ya nyumba lisije likaibwa, na gari lenyewe akaliacha uani juu ya mawe, wazi kwa jua na mvua.

Katika kambi ya wakimbizi walipewa turubai jeupe. Albino alilifunga kwa ufundi wa bandarini, kisha akafukia kingo zake kwa udongo pande zote ili maji wala upepo visipenye. Chini ya turubai lile yeye na mkewe, Night, waliwalea watoto wao, na mvua ikinyesha usiku kucha watoto waliamka wakavu. Mtu aliyeokolewa na kitu hakisahau. Siku ya kurudi Juba, wenzao walibeba magodoro na mbuzi. Albino alibeba turubai.

Na gari alilikuta zima. Rangi ilichubuka hapa na pale, buibui walitanda kwenye usukani, lakini chuma kilikuwa chuma. Alikigonga kwa vidole kikalia vizuri. Mwingine angesema liache hivyohivyo. Albino alilia kwa furaha, akaapa kwamba mvua haitaligusa tena. Akalivalisha turubai la kambini kuanzia paa hadi ardhini, akakaza kamba, akafukia kingo kwa udongo, sawasawa na kule kambini. Tangu hapo, kila Jumapili akitoka kanisani alilizunguka akivuta fundo moja baada ya jingine. Hakulifunua hata mara moja. Kulifunua ni kuliingizia unyevu, alisema, na nani angembishia Albino juu ya kufunika?

Simu ya Caroline ilikuja kiangazi hiki, mwishoni mwishoni. Caroline ni dada yake, aliyeolewa Adjumani akabaki hukohuko.

"Kaka, mzee Ojok ametuacha, na watoto wake wameuza shamba," alisema. "Aliyenunua anajenga stoo. Katapila inakuja wiki hii kusawazisha. Kaburi ambalo halijatolewa, watapita juu yake."

"Waambie wangoje kidogo."

"Wamengoja, kaka. Sisi ndio hatukuja."

Kesho yake asubuhi Albino alienda Buluk kumwita Kizza, fundi Mganda mwenye gereji pale, mtu mpole anayewaheshimu wazee. Kizza alikuja na betri na sanduku la spana. Mafundo yalikataa kufunguka, na Albino, hata katika hofu ile, aliona fahari kidogo. Ikabidi wayakate. Turubai lilipovutwa ikatoka harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Lakini gari, kwa juu, lilikuwa zuri. Vioo vizima, rangi ya maziwa imetulia.

"Umeona, fundi?" Albino alisema, akicheka. "Mimi nikifunika, nimefunika."

Kizza hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa ndani wa turubai, uliojaa matone ya maji wakati mji mzima unalia vumbi. Akapiga goti, akasukuma kidole chini ya mlango. Kidole kikaingia. Akasukuma ngumi, nayo ikaingia. Aliposimama na kufungua mlango, mlango ulibaki mikononi mwake, na sakafu ikamwagika chini vipande vyekundu vyekundu.

Aliutafutia mlango mahali pa kuuegemeza.

"Mzee, mimi nasikitika sana," alisema. "Hii gari wewe ulikuwa nafunga yeye pua. Udongo natoa maji kila siku, hata jua iko. Maji napanda, nakuta turubai, narudi kwa chuma. Hii miaka yote gari iko nachemka ndani polepole, kama matoke kwa majani."

"Lakini nililiacha wazi miaka ile yote na halikuoza."

"Ile wakati ilikuwa napata upepo. Mvua nanyesha, jua nakausha. Kalas, basi."

Albino alikaa juu ya jiwe. Bandarini ni yeye anayewafokea vijana wanaofunika mtama bila kuacha mwanya, maana nafaka hupumua, na isipopumua huoza. Jambo hilo analijua tangu ujana wake. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba chuma nacho kinataka hewa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo hii alikuwa ameivalisha kwa mikono yake mwenyewe.

"Chomelea," alisema. "Weka bati, chomelea popote. Liende Adjumani na kurudi tu. Baada ya hapo life."

"Kuchomelea nataka chuma, mzee. Hapa chuma mafi, hakuna. Iko rangi tu, nashika kutu."

Kizza aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, betri na sanduku la spana akaviacha. Mfa maji haishi kutapatapa. Albino alikata makopo ya mafuta ya kula, akayanyoosha kwa nyundo, akayafunga kwa waya mahali palipokuwa na sakafu. Waya ulipokosa pa kushika, alileta kamba za bandarini, akalizungushia gari kwa chini na kwa juu, akalikaza kama mzigo wa kwenda Malakal. Hakula. Night alimwekea chakula juu ya mawe, inzi wakakila wao. Caroline akapiga tena kusema katapila imefika, imeanzia upande wa mihogo. Albino akamjibu, "Tunakuja," akakata simu na kuendelea kufunga.

Alipotia magurudumu na kuliteremsha gari kutoka juu ya mawe, lilivunjika katikati. Halikutoa hata kishindo. Lilishuka tu kama mtu aliyechoka anayekaa chini, na kamba zote zikalegea.

Basi hapo Albino akalia. Alilia uani, mchana, mtu mwenye wajukuu, na majirani wakasimama ukutani wasijue waje au wasije. Msiba wa kujitakia hauna kilio, hivyo ndivyo watu husema. Ni uongo. Una kilio kuliko mingine yote, ila hakuna wa kukulilia pamoja nawe.

Night alikuja akasimama mbele yake.

"Baba Jubek, ukikaa hapa, hata alipolala hutapajua tena. Watabakisha ardhi tupu."

"Alisema gari lake. Nitamwambia nini? Nitamwambia nililificha lisipate mvua mpaka likafa?"

"Mwambie hivyohivyo. Lakini nenda umwambie."

"Siwezi kumpakia kwenye gari la mtu, Mama Jubek. Siwezi. Nilimwahidi akiwa anakata roho."

Night alizunguka gari mara moja, akachungulia ndani.

"Alifia wapi?" aliuliza.

"Unajua alipofia."

"Nataka uniambie wewe."

"Kiti cha nyuma," alisema Albino.

Night akachukua spana. Bolti za kiti hazikuihitaji, zilivunjika kwa kuguswa. Walikitoa wote wawili, kizito kwa maji, kimeota ukungu wa kijani, lakini springi zake zilikuwa bado hai. Night alikipiga kwa fagio na kukianika juani, na Albino akaenda Buluk kwa miguu kumwomba Kizza pikapu yake, ile anayochukulia vipuri Gulu. Kizza hakutaja bei. Alisema tu kwamba ataendesha yeye mwenyewe, maana mzee haonekani mtu wa kushika usukani.

Adjumani walimkuta Caroline amekaa juu ya kaburi. Tangu asubuhi alikuwa amekaa pale, kanga kichwani, na katapila ilikuwa imelima huku na huku hadi kaburi likabaki kama kisiwa. Dereva wa katapila alikuwa amezima mashine, anavuta sigara kwa mbali, anaona haya. Albino alitaka kumwomba dada yake radhi, akashindwa. Walichimba. Katekista alisali sala fupi, kwa sababu mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yanapanda, na karatasi za kumvusha mpaka, Caroline alishazihangaikia. Kilichotoka ardhini kilikuwa kidogo mno kwa mtu aliyekuwa mkubwa vile. Walikifunga kwa shuka nyeupe, wakakilaza juu ya kiti cha Peugeot, nyuma ya pikapu.

"Baba," Albino alisema, kwa sauti ya chini, "ni hiki tu kilichobaki."

Upepo ulianza kuvuma. Caroline alileta turubai jipya, la bluu, bado lina mikunjo ya dukani.

"Mfunike, kaka, mvua hiyo. Wewe ndiye fundi wa kufunika."

Albino alilipokea. Mikono yake ilitafuta pembe yenyewe, vidole vikaanza fundo kabla hajaviagiza, kwa mazoea ya maisha yake yote. Kisha vikasimama. Alilitazama turubai, akalikunja taratibu, akamrudishia dada yake.

"Mwache," alisema. "Apate upepo."

"Atalowa."

"Alowe."

Akapanda nyuma, akakaa kando ya kiti, mkono mmoja juu ya shuka isipeperuke. Kizza akawasha gari. Njia nzima Albino alimwomba baba yake msamaha, na njia nzima hakujibiwa. Mvua iliwakuta kabla ya Nimule, ikawalowesha wote wawili, na walipovuka mpaka jua likatoka, likawakausha.