Usukani wa Mzee Yunusi Unacheza

Mzee Yunusi wa Kinole hapendi kusema jambo mara mbili. Ukilisikia upande, shauri yako. Kwa miaka thelathini na moja ameshusha ndizi, mananasi na wajawazito kutoka mlimani hadi Morogoro kwa gari moja kuukuu la foowili, na hajawahi kuliangusha. Mtoto wangu wa kwanza nusura azaliwe humo ndani. Mzee sasa ana miaka sabini na mbili.

"Fundi, usukani unacheza," aliniambia gerejini kwangu Kihonda, akaenda zake msikitini.

Kwetu mafundi, usukani unaocheza ni uliolegea: unauzungusha, magurudumu hayaitiki. Nikakaza stelingi boksi, kile kisanduku cha gia za usukani, nikajiona bingwa. Siku ya pili yake akarudi na binti yake Mwanvita, mzee anasugua mabega. Usukani ulikuwa mzito, na kona zote za Kinole alikuwa amepigana nao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nilikwambia unacheza. Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia umelegea."

"Unacheza ngoma, fundi. Nikifika sitini nikapiga shimo, mbele kote kunacheza mpaka nisimame."

Niliona haya. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Mzee alipokwenda kunawa, Mwanvita akaninong'oneza. "Kagua sawasawa, fundi. Mimi naona ni mikono ya Baba inayotetemeka. Nina leseni tangu mwaka juzi, nimemwomba aniachie ufunguo, hataki. Anasema ni gari."

Kumbe mzee alikuwa amesikia. "Ni gari," alisema. "Fundi asipoliona na ubovu, ufunguo utauchukua."

Basi mzigo ukawa wangu. Fundi kuomba gari liwe bovu si ajabu, lakini siku ile niliomba kwa nia njema.

Nikapiga jeki mbele, nikalishika gurudumu la kulia juu na chini, nikalitikisa. Likagonga. Nikamwambia Mwanvita akanyage breki, maana ikiwa ni beringi ya gurudumu lenyewe, breki huficha kule kugonga. Likagonga vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye beringi za kingpini, pale gurudumu linapogeukia. Nilifurahi, sifichi. Nikafunga beringi mpya pande zote mbili, nikapunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kubania, mpaka gurudumu likawa linageuka bila kuyumba. Kisha nikailegeza stelingi boksi niliyoikaza kwa ujinga wangu.

"Nilisema," mzee akamwambia binti yake. Mwanvita akacheka, akamwomba radhi.

Tukaenda kulijaribu barabara ya Dumila, mzee akiendesha, mimi pembeni yake. Sitini, shimo, kimya. Sabini, shimo jingine, kimya. Mzee akatabasamu peke yake. Tulipokaribia Dakawa, njia ikiwa nyeupe, akaachia mikono kidogo, kama sisi sote tunavyofanya tukijaribu gari. Usukani ukatulia kabisa, gari likaenda mstari mmoja. Akaushika tena. Usukani ukaanza kutetemeka, kidogo tu.

Akaachia, ukatulia. Akashika.

Mimi nikageukia dirishani, nikatazama mashamba ya mpunga. Roho iliniuma. Mzee akapunguza mwendo, akaegesha vizuri pembeni, akashuka. Akazunguka hadi upande wangu, akafungua mlango.

"Sogea, fundi. Rudisha wewe."

Njia nzima tulizungumzia bei ya tangawizi. Gerejini Mwanvita alikuwa amesimama anatungoja, akaniona mimi kwenye usukani lakini hakuuliza hilo.

"Vipi, Baba, gari limepona?"

"Limepona," mzee alisema, akampa ufunguo.