Kilio cha Fundi Ndani ya Mchezo

Saa moja na nusu asubuhi, fundi wa mapaa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja bati liwe mfereji wa maji ya mvua. Mguu wa kulia ameunyoosha, maana haukunjiki.

Nje ya karakana wanapita watoto wa shule. Mmoja anateleza, na wenzake wanapaza sauti kwa pamoja: "Shika ngazi!" Kisha kicheko.

Fundi hainui macho. Shemeji yake, anayepakia mifereji kwenye toroli, anatania kwa sauti ya chini kwamba mashabiki wamepita. Hakuna anayecheka, hata yeye mwenyewe.

Watoto hao hawamjui fundi. Maneno wameyatoa kwenye mchezo wa simu ambamo watu hadi wanane hushindana kwa vigari. Kila kigari kina uzito wake. Kona kidogo tu, kinabingirika, na dereva anarushwa miguu ikipepea kama tambara. Hapo ndipo sauti ya mwanamume hulia: "Shika ngazi!" Katika mchezo mzima hakuna ngazi. Ndiyo maana watu hucheka.

Lakini ngazi ilikuwapo.

Miaka mitatu iliyopita, fundi aliitwa kuziba paa la ofisi ya vijana wanaotengeneza mchezo huo. Waliposikia nyundo yake, wakamwomba waweke kinasa sauti ukingoni mwa paa, ili mlio wa bati uwe mlio wa vigari kugongana. Alikubali, tena kwa fahari. Chini, shemeji, kaka wa mke wake, alikuwa ameshika ngazi, mpaka alipoitwa ndani kuutazama mchezo wenyewe.

Ngazi ikateleza, fundi akalia "Shika ngazi!", kinasa sauti kikakinasa kilio hicho, naye akaanguka mita nne na nusu. Nyonga ikaunganishwa kwa vyuma. Miezi saba akawa wa kitandani. Akiwa bado na usingizi wa dawa, aliletewa karatasi na mtu wa ofisi ile, akaambiwa ni ya matibabu. Kumbe kipengele cha tisa kilikuwa kinawapa ruhusa ya kuitumia sauti yake mchezoni.

"Nilisaini nikiwa chali," anasema. "Mtu aliyelala chali anaona dari tu."

Siku hizi shemeji ndiye anayepanda kwa niaba yake. Wamesameheana, ingawa ya moyoni hayafutwi kwa kitambaa. Mke wa fundi ndiye hawezi. Simu ya jirani ikilia vile, anaacha chungu motoni na kutoka nje.

"Wengine wanasikia mzaha," anasema. "Mimi namsikia mume wangu anamwita kaka yangu, na kaka yangu hayupo."

Mwezi uliopita binti yao wa miaka sita alikuja na simu ya shangazi, akamwekea baba yake mchezo mapajani. Kigari kikapinduka. Mtoto akacheka mpaka machozi, akamwambia, "Baba, nawe cheka basi."

"Nikacheka," anasema fundi. "Hakunitambua. Sauti ya mtu anayeanguka haifanani na ya mtu anayekuambia kula umalize."

Kesho yake alikwenda ofisini kuomba kilio chake kiondolewe. Walimpokea vizuri, wakampa kiti chenye mto. Wakamweleza kwamba waliwahi kukiondoa kilio kile siku mbili, wachezaji wakalalamika kama waliokatiwa maji.

Tangu hapo, kila akifunga karakana, anajifunza kulia kilio kingine cha kuwekwa mchezoni badala ya kile. Mkewe ndiye hakimu. Cha kwanza alisema ni cha mbuzi. Cha pili, mtu aliyekanyaga msumari. Cha kumi na moja kilimkalisha chini kwa kicheko, akaomba kirudiwe.

Jumatatu fundi anakipeleka ofisini.

"Nitawapa bure, wakicheke wapendavyo, hicho nimekitengeneza mimi. Kile cha kweli wanirudishie," anasema, akipima ukingo wa bati kwa kidole. "Binti yangu anakua. Siku atakapojua kusikiliza, nataka asikikute mle."