Kisanduku cha Petroli

Harufu ya petroli iliyovuja hunirudisha kwenye gari kuukuu la baba, tukikimbilia hospitali ya Wete mvuani. Mama alikaa nyuma nami, ameshikwa na uchungu, amenibana mkono. Injini ikakohoa, ikazimika.

Baba akafunua boneti. "Kabureta ningeifungua hapa hapa," alisema. "Hii petroli yake inapimwa na kisanduku cha umeme, na waya zake zimeliwa na chumvi. Zikilowa tu, hakipimi tena."

"Babaake, mwana aja," mama alisema taratibu.

Baba alizikausha waya kwa kanzu yake. Injini haikuwaka. Mkono wa mama ukalegea. Nilimwita, hakuitika. Niliogopa kumgeukia, mpaka niliposikia kilio chembamba, na mama akaniambia nivue mtandio nimfunike mdogo wangu.