Nguo za Duka na Sauti Yangu

Mtu wa kwanza niliyemwona akivaa kwa makini alikuwa baba yangu. Siku za kazi alikuwa mkulima kama wengine wa kijiji chetu cha Wawi, Pemba, na msuli uliofifia kiunoni na shati lenye madoa ya utomvu wa migomba. Lakini alikuwa pia mpiga dufu, na siku ya maulidi akirudi tu kusali adhuhuri alianza kujitayarisha. Kanzu aliipiga pasi mwenyewe, hakumwamini mama wala mimi. Kofia aliivaa, akaivua, akaizungusha kidogo, akaivaa tena, kisha akajitazama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa msumarini.

"Baba, unakwenda kuoa?" nilimuuliza siku moja.

"Nakwenda kukaa mbele za watu," akasema, wala hakucheka.

Kwetu jambo lile hatukuliita sanaa. Lilikuwa ibada na adabu, na mimi nililitazama kwa hamu bila ya kujua hamu ile ni ya kitu gani.

Nilirefuka mapema. Nilipoanza sekondari nilikuwa nimeshampita mama kwa kichwa kizima, na sketi ya skuli niliyoshonewa mwanzo wa mwaka ilikuwa fupi kabla ya mwaka kwisha. Kwenye michezo ya kuigiza ya skuli, wenzangu walipewa sehemu za mabiharusi na za mama wagonjwa. Mimi nilipewa mababa, makadhi na mapolisi. Mwanzo nililia. Halafu siku moja niliingia nikiwa kadhi, nikakaa, nikavuta pumzi kabla ya kusema neno, na darasa zima likanyamaza likinisubiri. Sijawahi kusahau kile kimya. Nilirudi nyumbani nikiwa sitaki tena kuwa biharusi.

Habari zikafika kwa wanawake wa mtaani, na wao ndio walioniita kwenye shughuli zao za harusi. Wanaume wakishatoka na milango ikishafungwa, nilivaa koti la mtu na kofia ya mtu, nikashika bakora, nikaingia kama bwana harusi anayekuja kumchukua mkewe huku hajui hata amkamate mkono gani. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Simu zilikuwa haziruhusiwi kutolewa mle ndani, na hilo lilinipa uhuru. Niliwaiga wakwe, masomo wanaofunda maharusi, mawifi wanaohesabu vyombo. Malipo yangu yalikuwa kanga, na sahani ya biriani iliyowekwa kando.

Katika shughuli moja ya Chake Chake alikuwapo mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la nguo za kike pale mjini. Babu yake alizaliwa Pemba, na yeye Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Nilipomaliza kuiga aliniita.

"We mwanangu, ntoto wa nani?"

Nikamtajia baba na kwetu.

"Mashaallah. Umerefuka kama uliyevutwa. Njoo dukani kwangu. Masanamu yangu yote mafupi, baibui zinaburura chini, watu hawazioni zilivyo."

Nilidhani ni mzaha. Mama hakudhani hivyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka mbali, na nyumbani kazi yangu ilikuwa kupika na kuanika karafuu msimu ukifika. Mama akasema, "Nenda. Kwa baba yako n'tasema mie."

Baba akaambiwa kuwa nimepata kazi ya dukani, akaridhika. Wiki za mwanzo kweli ilikuwa kazi ya dukani: kukunja, kupanga, kufagia, kuwaletea wateja viti. Halafu mkaza mwana wa yule mama, binti wa umri wangu aliyeshughulikia ukurasa wa duka mtandaoni, akanivalisha baibui ya hariri yenye mikono mipana, akanisimamisha mbele ya pazia jeupe, akainua simu.

Niliganda. Mikono sikujua niiweke wapi. Mbele ya watu niliweza kuwa kadhi, mkwe, hata bwana harusi, lakini mbele ya kile kioo cha simu, nikiwa mimi tu na uso wangu, nilikauka kabisa.

"Tembea basi," akaniambia.

Nikatembea kama anayekimbizwa.

"Umelala? Sema kitu!"

Kwa kukata tamaa nikajifanya mteja. Nikaishika ile mikono mipana, nikaipepea, nikasema kwa sauti ya mwanamke mzima wa shamba, "Hii nikiivaa jikoni, si n'tapakua wali kwa mkono wa baibui?" Kisha nikageuka nikajijibu kwa sauti ya muuzaji mpole, "Bi, hii si ya jikoni, hii ya kuonewa wivu." Mkaza mwana akacheka mpaka simu ikatikisika, na ndivyo alivyoirusha ile video mtandaoni, na mtikisiko wake.

Ile video ilikwenda Unguja, ikaenda Mombasa, ikafika Maskati kwa jamaa zetu walioko huko. Watu wakapiga simu dukani kuuliza "baibui ya kupakulia wali". Tukatengeneza nyingine, na nyingine. Kila nguo niliitafutia mtu wake: huyu anakwenda kuposa kwa niaba ya kaka yake, huyu anakwenda hospitali kumtazama mgonjwa lakini anataka na yeye atazamwe. Nikajifunza kuwa nguo haitembei peke yake. Lazima umjue anayeivaa anakwenda wapi.

Kumbe mama hakuwa amemaliza kumwambia baba. Alikuwa akisubiri siku nzuri, na siku nzuri haikuja. Baba akaniona kwenye simu ya mtu mwengine, barazani, baada ya sala ya alasiri.

Aliporudi hakugomba. Alinawa miguu, akakaa, akasema na ukuta, "Leo nimeonyeshwa mwanangu na watu."

Mama akaanza, "Mume wangu, kosa langu mie..."

"Sikuuliza kosa la nani. Nasema nimeonyeshwa mwanangu, na mie nilikuwa wa mwisho."

Siku zilizofuata alinijibu salamu tu. Sikwenda dukani. Hatimaye yule mama mwenye duka akaja kwetu pamoja na mumewe, wamebeba halua, wakakaa na baba ukumbini. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na mama. Nilitegemea maneno makali, lakini baba alikuwa na maswali tu. Nani anayepiga picha? Mkaza mwana. Wapi? Ndani, nyuma ya duka. Wanaume wanapita hapo? Hawapiti. Halafu akauliza swali ambalo sisi sote hatukulifikiria.

"Na watu wanaandika nini huko chini yake?"

Baba akaniita. "Njoo unisomee."

Nilitoka na simu mkononi, nikakaa chini karibu na kiti chake. Nilisoma mashaallah zote, nilisoma za wanaouliza rangi. Halafu nikaruka moja.

"Soma. Usiruke."

Nikasoma. Mmoja alisema Pemba imeharibika. Mmoja aliuliza huyu hana baba? Mmoja aliandika juu ya mwili wangu neno ambalo nilishindwa kulitamka mbele ya baba, nikamwambia, "Hili siwezi." Akatikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa gotini na nikauona umekunjwa ngumi.

"Haya ulikuwa ukiyasoma peke yako?"

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mume wa mwenye duka akasema wataufunga mlango ule wa maoni, watu wasiweze kuandika, na baba akamshukuru. Kisha akasema, "Hebu nionyeshe moja. Moja tu."

Nikamwonyesha ile ya anayekwenda kuposa. Aliitazama bila kutabasamu, simu ameishika mbali kama anavyoishika barua. Ilipokwisha akairudisha.

"Unakwenda haraka," akasema. "Mtu akivaa kitu kizuri haendi mbio. Anawapa watu nafasi."

Mama nyuma ya pazia akacheka kwa pua. Baba akaweka masharti yake: kazi iwe ya mchana, nisicheze ngoma kwenye simu, na nisimwige mtu wa karibu hata akajijua. Lile la mwisho lilinitesa zaidi kuliko yote, maana nusu ya watu wangu walikuwa majirani. Ilinibidi niwachanganye, kicheko cha huyu na mwendo wa yule, mpaka hata wenyewe wakawa wanacheka bila kushuku.

Mwaka uliofuata nikaitwa Unguja. Mbunifu mmoja wa mavazi ya stara alikuwa anaandaa onyesho la wanawake peke yao kwenye ukumbi mmoja wa mjini, akataka nitembee na nguo zake na pia niwe mshereheshaji. Tulipanda meli Mkoani, mimi na mama, mama akitapika na kuomba dua kwa zamu. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya. Nilishajiona nikitembea polepole, nikiwapa watu nafasi.

Siku ya mazoezi nikavaa gauni nililopangiwa. Lilikuwa la rangi ya kahawia iliyoiva, na mshipi wa nyuzi za dhahabu. Nikasimama mbele ya kioo na wote tukaona kitu kimoja: vifundo vya miguu yangu. Gauni lilikuwa fupi kwangu. Tukajaribu la pili na la tatu, yote yalikuwa hivyo hivyo, na pindo hazikuwa na kitambaa cha kuteremsha.

Mbunifu hakuwa mtu mbaya. Alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, jina la onyesho letu ni stara. Siwezi kukupitisha na miguu nje." Zamu yangu ya kutembea akapewa msichana mwengine. "Wewe utabaki na kipaza sauti. Ila jitahidi useme Kiswahili cha kawaida, hicho chenu wageni hawatakielewa."

Wasichana wawili watatu walikuwa wameshaanza kuniiga ninavyosema "ntu" badala ya "mtu". Sikujua kama nikasirike, mimi ambaye kazi yangu ni hiyo hiyo. Niliingia chooni nikalia. Mama akanifuata, akafunga mlango.

"Umekuja kusema au umekuja kutembea?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi kimoja kimekataa. Nawa uso."

Hakunibembeleza zaidi ya hapo. Aliniletea baibui yangu ya dukani, ile ya mikono mipana, na akanifunga ushungi mwenyewe kama nilipokuwa mdogo.

Onyesho lilipoanza nilisema kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kila neno lilikuwa mahali pake na hakuna aliyenisikiliza. Wanawake waliongea, walikula sambusa, walitazama simu. Nilizitaja nguo moja baada ya moja na nikasikia sauti yangu imekauka kama siku ile ya pazia jeupe. Kisha mtoto mdogo wa kike akachopoka mapajani kwa mama yake, akapanda jukwaani, akaenda kukaa juu ya ncha ya gauni la msichana aliyekuwa anatembea. Msichana akakwama.

Nikasahau kila nililoambiwa. "Jamani, ntoto huyu wa nani?" nikasema kwa lafudhi yetu yote, kwa sauti ya mwanamke mzima wa shamba. "Keshachagua lake huyu. Mamaake ntafutie bwana, hili hashuki nalo bila kuolewa!"

Ukumbi ulipasuka. Kutoka viti vya nyuma vikatoka vigelegele virefu, na mtu akapiga kelele, "Pemba hiyo!" Kumbe tulikuwa wengi mle. Kuanzia hapo sikurudi tena kwenye taarifa ya habari. Kila gauni lililopita nililitafutia mtu wake na safari yake, na wale wasichana walionicheka wakawa wanapunguza mwendo ili niwamalizie hadithi.

Sikupata kutembea kwenye onyesho lile, na tangu hapo hakuna mbunifu aliyeniita kutembea. Nakiri kuwa bado inaniuma. Nikiona picha za wasichana warefu kama mimi kwenye majukwaa ya mbali huwa nazitazama mara mbili. Nilichopata ni kipaza sauti. Wanawake waliokuwapo siku ile wakaanza kunialika harusini kwao, Unguja na Pemba, na baadaye redio ikanipa sehemu ndogo katika mchezo wa kuigiza, mama mkwe bila shaka. Dukani bado nipo asubuhi. Siku hizi nawavalisha na maharusi.

Majuzi nilikwenda kisiwani Makoongwe kwenye harusi, nimebeba gauni la kukodi ndani ya mfuko mrefu, nikalishika juu ya kichwa tulipokuwa tukiteremka majini kutoka mashuani. Spika zao zilikuwa zimeungua, kwa hiyo nilijua nitasherehesha kwa koo langu tu. Chumbani nilimkuta biharusi amekaa kitandani, mikono imejaa hina, hataki kuvaa. Alikuwa mdogo, uso wake umevimba kwa kulia, na shangazi zake wamemzunguka wakisema wote pamoja. Nikawaomba watupishe.

Nililitoa gauni, nikalitandika kitandani, nikaanza kufungua vifungo vya mgongoni kimoja kimoja. Alikaa akinitazama.

"Dada, wewe si ndiye yule wa baibui ya kupakulia wali?"

"Ndiye."

"Unawaiga maharusi pia?"

"Nawaiga."

Akafuta pua kwa nyuma ya mkono, asiharibu hina. "Mie usiniige leo," akasema. "Niige nikishazoea."

Nikamwahidi. Akasimama, akainua mikono juu ya kichwa, nami nikampitishia gauni taratibu.